Samaki wa mapambo: Jinsi ya kuchagua na kuzoesha wanaopatana katika tangi la kwanza

MTU anayenunua tangi la samaki kwa mara ya kwanza aghalabu huongozwa na rangi. Huchagua wawili wekundu, mmoja mweusi, watatu wenye milia na mmoja mkubwa wa kukaa chini, kisha akawatia wote katika maji yaliyokingwa mferejini asubuhi hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili au tatu nusu yao huwa wamekufa, watoto wanalia, na wenye nyumba wanasema baridi ya Eldoret haifai samaki.

Baridi hiyo ina sehemu yake katika vifo hivyo, lakini kosa huwa limetendeka mapema zaidi, pale dukani. Samaki waliowekwa pamoja hawakuwa wa joto moja, wala wa maji ya aina moja, wala wa tabia moja. Isitoshe, waliingizwa katika tangi ambalo halikuwa tayari kupokea kiumbe chochote.

Wahenga walisema ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Kwa samaki, mbawa hizo ni nne: joto, aina ya maji, ukubwa na tabia. Anayeanza akiyapima mambo hayo manne kabla ya kutoa pesa mfukoni, samaki wake wataishi kwa miaka, na tangi litakuwa pambo la sebule badala ya kaburi la kioo.

Baridi ya nyanda za juu

Eldoret, makao makuu ya Kaunti ya Uasin Gishu na jiji rasmi tangu Agosti 2024, imo katika mwinuko wa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 22 hadi 25, lakini usiku hushuka hadi kama nyuzi 10, hasa miezi ya Julai na Agosti.

Samaki hana uwezo wa kuupasha mwili wake joto kama afanyavyo ng'ombe au binadamu. Joto la mwili wake hufuata la maji. Maji yakipoa kupita kiasi, mmeng'enyo wa chakula hupungua, kinga ya mwili hudhoofika, na maradhi ambayo samaki angeyashinda humwangusha.

Samaki wengi wauzwao madukani asili yao ni mito ya nchi zenye joto. Gapi (Poecilia reticulata) walitoka kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vilivyo karibu. Tetra wa neoni (Paracheirodon innesi) na samaki malaika (Pterophyllum scalare) ni wa bonde la Amazon. Hawa huhitaji maji ya nyuzi 24 hadi 26, na katika nyumba ya kawaida ya Eldoret hawawezi kustawi bila hita ya umeme.

Wapo, hata hivyo, samaki walioumbiwa maji ya baridi kiasi. Wa kwanza ni samaki wa wingu jeupe (Tanichthys albonubes), ambaye jina lake linatokana na mlima ulio karibu na jiji la Guangzhou nchini China. Ni mdogo, urefu wake sentimita nne, na hustarehe katika maji ya nyuzi 16 hadi 22. Wa pili ni danio mwenye milia (Danio rerio) wa Bara Hindi, ambaye huridhika na nyuzi 18 hadi 24.

Samaki dhahabu (Carassius auratus), waliofugwa China kwa zaidi ya miaka 1,000, nao hupenda maji ya baridi. Lakini hao wana shida zao, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Hivyo basi, swali la kwanza kwa mkazi wa Eldoret ni hili: je, tangi litakuwa na hita au halitakuwa nayo? Jibu lake ndilo linalogawa samaki wa dukani katika makundi mawili, na mtu hapaswi kuchukua kutoka makundi yote mawili kwa pamoja.

Mwinuko na hewa ya majini

Kuna jambo jingine la nyanda za juu ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havilitaji. Kanieneo ya hewa Eldoret ni ndogo kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Kwa sababu hiyo, maji ya joto lile lile hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi kama hicho.

Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto, na jambo hilo hufidia upungufu huo katika tangi lisilo na hita. Lakini mfugaji akiyapasha maji hadi nyuzi 26 na kurundika samaki humo, wataanza kupanda juu na kutweta, hasa alfajiri baada ya mimea ya majini kutumia oksijeni usiku kucha.

Dawa yake ni mbili: kupunguza idadi ya samaki, na kuweka pampu ya hewa au kichujio kinachotibua uso wa maji. Oksijeni huingilia pale juu, maji yanapokutana na hewa. Ndiyo maana tangi pana na fupi hufaa kuliko refu na jembamba, hata kama yote mawili yanabeba lita sawa.

Maji ya mfereji, kisima na mvua

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Eldoret hutoka bwawa la Chebara kwenye Mto Moiben, katika vilima vya Cherang'any, na pia bwawa la Two Rivers. Maji ya mito ya milimani kwa kawaida huwa laini, yaani hayana chokaa nyingi, na sabuni hutoa povu ndani yake upesi.

Maji hayo hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Kwa binadamu hiyo ni salama, lakini kwa samaki klorini huunguza matamvua, na pia huua bakteria wazuri wanaosafisha tangi. Yafaa maji yawekwe katika ndoo pana iliyo wazi kwa muda wa saa 24, klorini ipate kutoka, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini iuzwayo katika maduka ya samaki.

Wakazi wengi wa viungani hutegemea visima. Maji ya kisima mara nyingi huwa magumu kwa sababu ya madini yaliyoyeyuka ndani yake. Ishara yake ni ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika na sabuni isiyotoa povu kwa urahisi.

Maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa la mabati ni laini mno na hayana madini ambayo samaki anayahitaji. Aidha, mabati yaliyopakwa zinki huweza kuachia madini hayo majini, na zinki ni sumu kwa samaki. Ni heri maji hayo yasitumiwe peke yake.

Mwenye maji magumu ya kisima achague gapi, plati (Xiphophorus maculatus) au moli, ambao huyapenda maji hayo. Mwenye maji laini ya mfereji atafanikiwa zaidi akifuga tetra. Kumchagua samaki anayeyapenda maji yaliyopo ni kazi rahisi kuliko kujaribu kuyabadilisha maji kila wiki kwa ajili ya samaki mmoja.

Mkubwa humla mdogo

Sheria ya tatu haina msamaha: samaki yeyote anayeenea kinywani mwa mwenzake ni chakula. Samaki malaika akiwa mchanga huogelea kwa amani na tetra wa neoni, lakini akishakua huwameza mmoja baada ya mwingine usiku. Mwenye tangi huamka na kukuta tetra wamepungua bila kuona mzoga wowote.

Tatizo ni kwamba karibu samaki wote wauzwao ni watoto. Oska (Astronotus ocellatus) anayeuzwa akiwa na sentimita tano hufikia sentimita 30. Pleko, yule kambare wa magamba magumu anayenunuliwa ili asafishe ukungu kwenye kioo, anaweza kuzidi sentimita 40. Wote wawili hawafai tangi la anayeanza, hata wakitolewa bure.

Samaki dhahabu naye hukua hadi sentimita 15 na kuzidi, na kinyesi chake ni kingi kupita kiasi. Bakuli la kioo ambalo watu wamezoea kumwekea ni kifungo kinachofupisha maisha yake. Ufugaji wake unafaa zaidi katika kidimbwi cha uani, kilichofunikwa wavu ili kumzuia mdiria na ndege wengine wala samaki. Asichanganywe na samaki wa maji ya joto.

Kosa jingine ni kuleta nyumbani ngege au kambare mchanga kutoka bwawa la kufugia. Hao ni samaki wa mezani. Hukua haraka, huchimba changarawe, hung'oa mimea na kuwameza wenzao.

Tabia: wapole, wachokozi na wapenda kundi

Hata samaki walio sawa kwa kimo huweza kugombana. Beta dume (Betta splendens), maarufu kama samaki mpiganaji, hupigana na dume mwenzake hadi mmoja afe. Humshambulia hata gapi dume, kwa kuwa mkia mpana wenye rangi humfanya amdhanie kuwa mpinzani. Beta akae peke yake.

Barbi wa milia (Puntigrus tetrazona) wana mazoea ya kunyofoa mapezi marefu ya wenzao. Wakiwekwa pamoja na samaki malaika au gapi, mikia hubaki vipande, na vidonda hivyo huwa mlango wa ukungu na bakteria.

Upande wa pili wapo samaki ambao upweke ndio adui wao. Tetra, danio, samaki wa wingu jeupe na koridora, wale kambare wadogo wenye amani wanaotembea chini wakitafuta mabaki, huishi kwa makundi. Mmoja au wawili hujificha, hupoteza rangi na hukataa chakula. Wanunuliwe angalau watano au sita wa aina moja.

Hapa ndipo anayeanza hupotoka kwa nia njema. Hudhani kuwa aina nyingi huleta uzuri, akachukua mmoja mmoja wa aina kumi. Tangi la samaki sita wa aina moja wanaoogelea kwa kundi humvutia mtazamaji zaidi, na samaki wenyewe huwa na afya.

Jinsia nayo izingatiwe. Gapi, plati na moli huzaa watoto walio hai, na gapi jike huweza kuzaa kila baada ya wiki nne hivi. Tena huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, hivyo kununua majike matupu hakuzuii uzazi. Asiyetaka tangi lijae anunue madume pekee.

Mifano miwili ya tangi moja

Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana 30 na kimo 40. Likijazwa maji hadi sentimita 35, litabeba lita 94 hivi kabla ya changarawe kutiwa. Pamoja na kioo chake, uzito wake utapita kilo 110, kwa hivyo meza yake iwe imara na sakafu iwe sawasawa.

Tangi dogo sana huonekana rahisi kwa anayeanza, ilhali ukweli ni kinyume chake. Katika maji machache, chakula kilichozidi au samaki mmoja aliyekufa huharibu maji yote kwa siku moja.

Kipimo salama kwa mji ulio juu kama Eldoret ni lita mbili za maji kwa kila sentimita ya urefu wa samaki mdogo aliyekomaa. Lita 94 basi zinatosha samaki ambao urefu wao ukijumlishwa ni sentimita 47 au karibu na hapo. Mkia hauhesabiwi.

Mfano wa kwanza ni tangi lisilo na hita. Litiwe samaki wa wingu jeupe sita na danio sita. Kila mmoja akihesabiwa sentimita nne, jumla ni 48. Wote ni wapole, wote ni wa makundi, na wote wanavumilia usiku wa Julai ndani ya nyumba. Danio ni mrukaji hodari, kwa hivyo kifuniko ni lazima.

Mfano wa pili ni tangi lenye hita iliyopangwa nyuzi 25. Chini waishi koridora watano wenye sentimita tano kila mmoja, na juu yao samaki saba wadogo wa sentimita tatu. Jumla ni 46. Mwenye maji laini awatie tetra wa neoni saba; mwenye maji magumu awatie gapi madume saba.

Kwa kuwa chumba cha Eldoret usiku huweza kuwa chini ya maji ya tangi kwa nyuzi nane au kumi, hita ya wati 150 ndiyo ifaayo kwa lita hizo. Kipimajoto kiwekwe upande wa pili wa tangi, na kisomwe kila asubuhi kabla jua halijapasha chumba.

Samaki wa maziwa yetu

Baadhi ya samaki wa mapambo wanaosifiwa mno duniani ni wa Afrika Mashariki. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za jamii ya siklidi, wakiwemo mbuna wa buluu na manjano wanaokaa kwenye miamba. Ziwa Tanganyika nalo lina siklidi wake, na Ziwa Viktoria lina furu, ambao Wajaluo huwaita fulu.

Ingawa ni wa nyumbani, samaki hawa si wa kuanzia. Mbuna hupigania mipaka ya makao yao na hawapaswi kuchanganywa na samaki wapole. Vilevile wao na wale wa Tanganyika huhitaji maji magumu yenye alkali, kinyume cha maji laini ya mfereji wa Eldoret. Tetra wa Amazon na mbuna wa Nyasa katika tangi moja ni jambo lisilowezekana: maji yanayomfaa mmoja humdhuru mwenzake.

Tangi liive kwanza

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye changarawe na sifongo ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Ndiyo sababu samaki waliotiwa siku ya kwanza huonekana wazima kwa siku chache, kisha huanza kufa katika wiki ya pili au ya tatu. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa yamejaa sumu.

Njia ya uungwana ni kuliwasha tangi bila samaki. Kichujio na hita vifanye kazi, na kila siku itiwe chembe ndogo ya chakula cha samaki ioze na kuwalisha bakteria. Kazi hii huchukua wiki nne hadi sita katika maji ya joto, na zaidi ya hapo katika maji ya baridi, kwa kuwa bakteria huzaana polepole.

Mwenye rafiki aliye na tangi la zamani lenye samaki wazima anaweza kuomba kipande cha sifongo ya kichujio chake au konzi ya changarawe. Hivyo hubeba bakteria walio hai na hufupisha muda huo. Visafirishwe vikiwa na unyevu na visioshwe.

Vipimo vya amonia na nitriti huuzwa kwa njia ya vijiti au matone. Tangi huwa tayari pale vipimo vyote viwili vinaposoma sufuri siku kadhaa mfululizo huku chakula kikiendelea kutiwa. Haraka haraka haina baraka.

Safari na mapokezi

Samaki wengi wanaoletwa kutoka Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 300, na barabara hupita Timboroa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700. Samaki wa maji ya joto akipitishwa hapo usiku katika mfuko mtupu wa plastiki hufika akiwa amepigwa na baridi. Mfuko ufungwe ndani ya katoni iliyojazwa magazeti, na safari ya mchana ipendelewe.

Muuzaji atie maji thuluthi moja ya mfuko na hewa au oksijeni thuluthi mbili. Mnunuzi naye achague kwa macho makini. Asichukue samaki aliyebana mapezi, mwenye madoa meupe kama chembe za chumvi, mwenye tumbo lililobonyea au anayepumua kwa kasi. Ikiwa kuna mzoga katika tangi la duka, asinunue yeyote kutoka tangi hilo siku hiyo.

Nyumbani, taa ya tangi izimwe. Mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane. Baada ya kuufungua, litiwe kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano, mara tatu au nne, kisha samaki watolewe kwa wavu mdogo na kuachiliwa. Maji ya mfuko yamwagwe nje.

Baada ya safari ndefu, mfuko ukishafunguliwa kazi isicheleweshwe. Ndani ya mfuko uliofungwa, kaboni dayoksaidi hufanya maji kuwa na asidi, na asidi hiyo huipunguza makali amonia iliyojikusanya. Hewa safi ikiingia, asidi hupungua na amonia hupata ukali wake. Kuwaacha samaki humo kwa saa nzima kwa kisingizio cha kuwazoesha ni kuwadhuru.

Wasiletwe wote kwa siku moja. Kundi la kwanza liingie, lipewe wiki mbili au tatu, ndipo la pili lifuate, ili bakteria wapate kuongezeka kulingana na kazi. Waanze wapole, ikiwa kuna mwenye ubabe, awe wa mwisho ili asikute uwanja mtupu wa kuumiliki.

Samaki mmoja akioza, wote huoza. Baada ya kundi la kwanza, kila mgeni akae karantini katika chombo cha pembeni chenye hewa kwa wiki mbili hadi nne. Wavu na ndoo za chombo hicho zisitumiwe katika tangi kubwa.

Wiki za kwanza

Siku ya kwanza wageni wasipewe chakula. Baadaye walishwe mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Samaki hafi njaa kwa siku moja ya kusahauliwa, lakini chakula kilichobaki chini huoza na kuwaua.

Kila wiki robo ya maji ibadilishwe kwa maji yaliyolazwa na yenye joto linalokaribiana. Sifongo ya kichujio isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini. Kuiosha mferejini ni kuwaua bakteria waliotafutwa kwa wiki nyingi.

Kufukuzana kidogo siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Lakini samaki akiwa amejibana pembeni daima, mapezi yamechanika na hafikii chakula, mchokozi au mchokozwa atolewe. Mawe, vipande vya vyungu na mimea mingi huwapa wanyonge mahali pa kukimbilia.

Umeme ukipotea, tangi lifunikwe kwa blanketi pande zote, juu paachwe nafasi ya hewa. Pampu ndogo ya betri ni msaada mkubwa. Maji ya moto yasimiminwe tangini; chupa iliyojazwa maji ya moto na kufungwa vizuri inaweza kuelea juu ili kupunguza baridi polepole.

Kuna hatari moja ambayo familia nyingi haziijui. Dawa za kunyunyizia mbu na mende zenye pareto au jamii yake hazimdhuru sana binadamu, lakini kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Zao hilo limelimwa Kenya kwa miongo mingi na dawa zake zimo majumbani. Zisipuliziwe katika chumba chenye tangi, kwani pampu huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini.

Mwenye kutaka elimu zaidi hayuko mbali nayo. Chuo Kikuu cha Eldoret kilichoko Chepkoilel hufundisha sayansi ya uvuvi, na misingi ya maji na oksijeni inayotumika katika mabwawa ya ngege ndiyo hiyo hiyo ya tangi la sebuleni.

Wasitupwe mtoni

Mtu anaweza kuchoka, kuhama au kushindwa na gapi waliozaana. Kishawishi huwa ni kuwamwaga katika Mto Sosiani unaopita katikati ya jiji. Maji ya Sosiani huingia Mto Kipkaren, kisha Nzoia, na hatimaye Ziwa Viktoria.

Ziwa hilo limekwisha kuonja uchungu wa wageni. Mbuta aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka katika miaka ya 1980 furu walipungua vibaya, spishi zipatazo 200 zikadhaniwa kutoweka. Gugu maji, lililosambazwa duniani kama ua la kupendeza la vidimbwi, lilianza kutanda ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga njia za wavuvi. Katika Ziwa Naivasha, kamba wa Marekani aina ya Procambarus clarkii walitiwa mwaka 1970, na wakaharibu mimea ya majini.

Samaki asiyehitajika apewe mfugaji mwingine au arudishwe dukani. Aliyekufa azikwe bustanini. Maji ya tangi yamwagiwe mboga au maua, ambayo hunufaika kwa nitrati iliyomo.

Kwa jumla, ununuzi uende kwa utaratibu huu: kwanza kujua maji ya nyumbani ni ya aina gani, pili kuamua juu ya hita, tatu kununua tangi na kuliacha liive, na mwisho kabisa kununua samaki, aina moja au mbili, kwa makundi. Anayefuata njia hiyo atatazama tangi tupu kwa mwezi mzima au zaidi, na majirani watamcheka. Lakini samaki wa wingu jeupe aliyetunzwa hivyo huweza kuishi miaka mitatu na kuzidi, na koridora miaka mingi kuliko hiyo.